Jiwe Linaloitwa Lia

Jumapili, 29 Mei 1994

Nasim, mjukuu wangu na mke mwenzangu, huna haya. Idi ndogo ulikuja, ukala biriani ya mamako, ukaondoka na mikoba imejaa, ukaniahidi, "Bibi, Idi kubwa nipo." Idi kubwa imekuja na imepita, kiti chako nimekikalia mimi mwenyewe kisionekane kitupu. Aberdeen ni wapi hata mtu asirudi? Simu yako ya Jumapili mimi siihesabu. Nakusemesha Kiswahili, unanijibu Kizungu, kisha ati mgonjwa wa hospitalini anakuita.

Basi nimenunua daftari kwa Daksha wa duka la kona, na nitakuandikia humu mpaka utakapokuja kulisoma mwenyewe. Skuli sikuiona mimi hata ukuta wake. Babangu alisema mtoto wa kike akijua kuandika ataandikiana na wanaume. Lakini chuoni alinipeleka, na herufi za Msahafu zinaandika Kiswahili vilevile, hilo babangu hakulifikiria. Babako Muhiddin, Kurani anaisoma vizuri, ila Kiswahili kwa herufi hizi kinampiga chenga. Wewe nilikufundisha hapa hapa meza ya jikoni, ukisinzia nakugonga vidole na mwiko. Sasa ndiyo utaona faida ya mwiko ule.

Habari yenyewe ni hii: Margaret anataka kuhama. Margaret wa ghorofa ya chini. Wewe umezaliwa umemkuta, kwako yeye ni kama ngazi ya nyumba. Mimi niliposhuka hapa Ilford, London, baada ya Mapinduzi kututoa Unguja, neno la Kizungu nililokuwa nalo ni "yes" tu, na nilikuwa nalisema pasipo pake. Margaret ndiye aliyepanda akanionesha jinsi ya kuwasha jiko la gesi bila kuunguza nyusi. Kiingereza changu chote nimekitoa kinywani mwake. Kituoni watu wanageuka, hawaelewi kwa nini buibui linaongea Kizungu cha Kiayalandi.

Sasa nduguye, Fintan, kampigia simu. Macho yanamwishia, yuko peke yake kwenye nyumba ya wazee wao huko Ayalandi, dada arudi. Margaret alinieleza huku anamenya viazi, hakunitazama. Nikamwambia, huyo hataki dada, anataka mpishi. Akasema huenda. Mwezi wa tisa atakuwa ameshakata shauri.

Mimi langu nimekata leo. Haendi.


Alhamisi, 2 Juni

Mvua. Goti. Margaret hakupanda.


Jumapili, 5 Juni

Leo kapanda. Nikamuuliza huko kwao kuna nini hasa, maana mtu akitaka kumkatalia mwenzake lazima ajue anakataa nini. Akasema kuna kilima karibu na nyumba yao, kinaitwa Tara. Nani anakaa? Hakai mtu. Juu kuna nini? Majani, kondoo, jiwe limesimama. Na zamani? Zamani, kasema, wafalme wa Ayalandi walikuwa wakitawazwa pale, tangu kabla ya Nabii Isa kuzaliwa. Majumba yao yako wapi? Yalikuwa ya miti, yameoza. Sasa watu wanapanda kwenda kufanya nini, kama hakuna kitu? Akafikiri, chai ikapoa mkononi.

"Tunakwenda kusimama," akasema.

Neno hilo limenikaa. Watu wazima na akili zao wanapanda kilima kwenda kusimama. Sisi sultani kaondoka, jumba lake limebaki na saa yake. Wao jumba limeondoka na wafalme wameondoka, kimebaki kilima. Nimewaza mpaka nikaunguza vitunguu.


Jumamosi, 11 Juni

Daksha kapata mihogo mizuri. Nimempelekea Margaret sahani, kala, kasema viazi vya kwao vinashinda. Nimechukua sahani yangu nikapanda.


Jumamosi, 18 Juni

Jioni imetoka sauti chini nikadhani mtu anauawa. Nikateremka na mwiko. Kumbe mpira: Ayalandi wamewafunga Wataliana huko Amerika, na Margaret kasimama juu ya kochi na soksi zake. Akanirukia shingoni, umri wake ule, akasema, "Mizi, tumewafunga." Jina langu Mize, lakini halimkai mdomoni, na mimi nilishaacha kumsahihisha.

Sikuipenda ile "tumewafunga". Siku zote Margaret akisema "sisi" ilikuwa mimi na yeye na lile bomba la maji linalovuja.


Jumatatu, 27 Juni

Margaret anakwenda kupatazama kabla ya kuamua. Nikamwambia nakwenda nawe. Akacheka, kisha akaona sicheki.

Babako kaja mbio kutoka Stanmore, hata sare ya kazi hajavua. Mama, huko kuna mabomu. Nikamwambia mabomu yao wanayaleta huku huku London, nikienda kwao nitakuwa nayakimbia. Unakwenda kufanya nini? Kukagua. Kisha akanichoma: miaka yote hii nakwambia twende Unguja ukaitazame nyumba, hutaki, leo unakwenda Ayalandi kutazama kilima cha watu?

Nikamwambia chai yako inapoa.


Jumamosi, 9 Julai

Treni kutoka Euston mpaka nchi inapokatika, kisha feri. Feri kubwa kama mtaa, ina mpaka duka la manukato, na juu yake nimetapika kama mtoto. Margaret kanishika kichwa. Kijana mmoja wa feri aliponisikia naomba maji akamuuliza Margaret mimi ni wa wilaya gani ya Ayalandi. Margaret akajibu bila kupepesa jicho: "Ilford Mashariki."


Jumapili, 10 Julai

Nyumba ya Fintan ina paa la chini, mlango mwekundu, na mbwa aliyenichukia kabla sijashuka garini. Fintan mwenyewe mrefu, mkavu, kofia haimtoki kichwani. Alisema karibu, akasema na ukuta kidogo pembeni yangu. Nikajua: kasoro ya kwanza, huyu mtu ana kiburi. Baadaye ndiyo nikafahamu kwamba alikuwa akikisia niliposimama.

Chakula ni viazi, kabichi na nguruwe. Nikauliza chungu ni kimoja? Margaret akafungua sanduku lake, akatoa sufuria mpya na kaango jipya, bado vina karatasi. Kavibeba toka London chini ya nguo zake, hakuniambia neno. Nikala mayai yangu, nikaomba mengine.

Lakini sikulala na donge moyoni. Nilimwambia Fintan waziwazi mezani: wewe unataka mpishi. Akatafuna mpaka akamaliza. Akasema kupika anapika, ila siku hizi hajui kama kimeungua mpaka akinuse.


Jumatatu, 11 Julai

Nimekiona. Si kilima. Nilitayarisha goti kwa mlima, kumbe ni mwinuko, ng'ombe angepanda bila kuhema. Unapita kanisa dogo na makaburi yake, unafungua geti, na mbele yako ni majani tu. Nikamwambia Margaret, hiki ndicho? Akasema tembea.

Nikatembea. Basi mguu ndio unaokwambia, jicho halijui kitu. Unateremka mtaro, unapanda tuta, unateremka tena, na ukigeuka unaona kwamba umo ndani ya duara, na duara limo ndani ya duara jengine, kama mtu kazungusha kidole kwenye unga wa maandazi akaondoka. Nani kafinyanga? Kwa majembe gani? Walikuwa wangapi, na nani alikuwa akiwapikia? Margaret hajui. Kakulia hapa na hajui nani alikuwa akiwapikia. Ukifika juu, nchi yote imelala chini yako pande zote, mashamba na miti na mnara wa kilima cha pili ng'ambo ya bonde, na upepo unakuvua ushungi.

Kuna tuta moja la mviringo lenye mlango wa mawe, mdogo hata mimi ningeinama, umefungwa kwa chuma. Nikachungulia. Ubavuni kuna jiwe limechorwa maduara, yale yale. Margaret kasema humo walizikwa watu kabla hata ya hao wafalme, zamani kuliko majumba ya Firauni. Na mwanzo wa Novemba, asubuhi, jua likichomoza linaingia kwenye mlango huo mpaka ndani kabisa. Nikamuuliza jua lilijuaje. Akasema jua halikujua, watu ndio waliojua. Nimesimama pale mpaka pua ikawa baridi. Kondoo walikuwa wananitazama kama mimi ndiye wa ajabu.

Sasa soma pole pole, na hili babako asilijue.

Margaret alikwenda kwenye kaburi la mama yake. Mimi nikazunguka upande wa pili wa kanisa, na hapo nikakuta mti wa miiba umejaa vitambaa. Vyekundu, vyeupe, soksi ya mtoto, utepe wa nywele, tasbihi yao. Nikasimama, Nasim. Mzimu. Mzimu hasa, na kanisa ubavuni. Mamangu alinipeleka mzimuni Unguja nikiwa mdogo, na ubani na marashi na kitambaa chekundu, kwa sababu ya degedege. Unafunga, unaweka nadhiri: nikilipata hili nitarudi nikifungue. Na ukilipata lazima urudi, na wa kufungua ni yule yule aliyefunga, hatumwi mtu.

Nikatia meno kwenye pindo la kanga yangu, nikachana utepe. Nikaufunga tawi la chini, ninapofika. Nikasema moyoni: Margaret arudi London, akae chini yangu mpaka mmoja wetu afe.

Najua babako ataniita mshirikina. Niliyemuomba ni Mungu. Mti niliuomba ushike kitambaa tu.


Jumanne, 12 Julai

Mvua.


Jumatano, 13 Julai

Mvua hiyo hiyo. Mbwa kalala juu ya miguu yangu. Sikumwambia alale.


Alhamisi, 14 Julai

Tangu nifike naswali kwa kukisia. Leo Fintan kanisikia nikihama huku na huku na mkeka, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia Makka. Akaniuliza London mnaelekea wapi, nikamwambia kusini mashariki. Akatoka nje kwenye manyunyu bila koti, akasimama uwanjani kageuza uso kama anayesikiliza mtu wa mbali. Akarudi, akachukua kiti, akakiweka kimeelekea kona ya kabati. Akasema jua la Krismasi linachomozea huko, na Makka itakuwa kushoto yake kidogo.

Adhuhuri nimekuta birika la maji ya vuguvugu karibu na mlango, na taulo.

Nikaona nimuulize kistaarabu safari hii: kwa nini hasa umemwita dadako? Akamvuta mbwa, akamkuna.

"Vinaondoka kimoja kimoja," akasema. "Juzi geti, jana mti wa tufaha. Nataka niwe na mtu aliyeviona nilipokuwa naviona mimi, aniambie kama bado vipo."

Nimepika wali usiokuwa na nazi, kwa hasira. Hasira zenyewe sijui za nini. Kala sahani mbili.


Jumamosi, 16 Julai

Leo nina mengi, na mkono unaniuma.

Asubuhi mvua ilipungua, Fintan akasema twende kwenye jiwe. Siku ile ya kwanza hatukulifikia, upepo ulitushinda. Alimshika Margaret mkono, mimi nyuma yao, mbwa nyuma yangu. Haoni, lakini pale matuta yanapoanza aliuachia mkono wa Margaret akatembea peke yake, mtaro, tuta, mtaro, hakujikwaa. Mimi ninayeona nilijikwaa.

Jiwe liko juu ya tuta, limesimama peke yake, linanifika kifuani, limelainika kama limepakwa mafuta. Fintan akaweka kiganja juu yake, akaniambia, kwa adabu kabisa, "Lia Fol."

Nikamwambia, "Nilie kwa nini?"

Akadhani sikusikia. Akarudia: lia, fol. Nikamwambia nimekusikia baba, unaniamrisha nilie, nakuuliza nilie kwa nini, sijafiwa mimi. Margaret akaanza kucheka, hajui anacheka nini. Fintan akanieleza kwamba ndilo jina la jiwe, na "lia" kwa lugha yao ya kale ni jiwe. Nikamwambia kwetu lia ni kutoa machozi na sauti. Analia, amelia, atalia. Nikamfanyia na mlio wenyewe, kondoo wakakimbia.

Basi alivua kofia. Ndiyo mara ya kwanza nakiona kichwa chake. Akasema, polepole, "Mama, hili ndilo jiwe linalolia."

Akanihadithia. Zamani akitaka kutawazwa mfalme huletwa hapa, na akiwa si mwenyewe, jiwe kimya. Akiwa ndiye mwenye haki na nchi, jiwe linalia, linapiga ukelele mpaka nchi nzima isikie. Nikamuuliza na hiyo fol? Akasema ni kama majaaliwa. Fali, nikamwambia! Sisi tunasema fali, dalili ya jambo linalokuja, jema au baya. Tukawa wazee watatu juu ya kilima, tumelowa, tunacheka kwamba jiwe la wafalme wa Ayalandi lina jina la Kiswahili. Mimi najua ilivyokuwa. Mtu wetu mmoja alipita hapa zamani, kachoka, mvua kama hii, akaegemea jiwe. Wenyeji wakamuuliza hapa unafanya nini, akawajibu: nalia.

Kisha Fintan akamwambia dada yake aweke mkono, kama walivyokuwa wakifanya utotoni. Margaret akasema acha upuuzi. Akaweka.

Nilitega sikio. Wallahi, Nasim, mimi mtu mzima nilitega sikio. Jiwe kimya. Kondoo akakohoa. Halafu nikasikia kilio, nikageuka, kumbe ni Margaret. Si kilio cha leso. Kilio cha sauti, kinywa wazi, kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Mimi huyu nimemjua amefiwa na mumewe, na siku ya maziko aliniambia hana nafasi, ana vyombo vya kuosha. Fintan hakumshika wala hakumwambia nyamaza. Alisimama na kofia yake mkononi, anatabasamu kama mtu aliyejibiwa.

Jiwe halikulia. Aliyelia ni mwenye mji. Mimi ni nani nisiielewe fali kama hiyo?

Nikaweka mkono na mimi, nani asingeweka. Baridi, na uchafu wa ndege. Halikusema kitu. Si langu. Kizingiti changu kiko Malindi ya Unguja, na anayekikanyaga leo simjui.

Hapo ndipo nikakumbuka kitambaa nilichomfungia. Nikawaacha wamesimama, nikateremka kwa haraka ambayo goti bado linanilaumu. Fundo limelowa, limekaza, miiba imenichana kidole. Nikiwa navuta nikasikia mbwa, kisha Fintan. Kanifuata kwa sauti ya matawi.

"Unafanya nini, mama?"

"Nafungua changu."

"Huku hakifunguliwi. Kinaachwa kioze, na shida inaoza nacho. Anayefungua anaondoka nayo."

"Kwetu asiyefungua ndiye mwenye kutaabika."

"Ulifunga maradhi gani?"

Ningeweza kumwambia goti. Nilimwambia, "Nilimfunga dadako, asibaki kwako."

Mbwa akakaa. Nikangoja anitukane, ningemsikiliza mpaka mwisho.

"Basi fungua," akasema.

"Na nitaondoka nayo?"

"Utaondoka nayo."

Nikafungua kwa meno. Na kitambaa sikukitia mfukoni. Nilichokifanyia nitakwambia huko mwisho, kwa sababu kinakuhusu wewe. Fintan alisikia tawi likivutwa tena, na hakuuliza.

Njiani nikamwambia Margaret, rudi kwenu. Akafuta pua, akasema wewe si ulikuwa umekataa? Nikamwambia nimeshakagua.


Jumatano, 27 Julai

Tumerudi London. Jua kali. Bomba linavuja.


Jumatano, 31 Agosti

Televisheni imesema wale wenye mabomu wa Ayalandi wamesimamisha vita. Margaret kaisikiliza kwa kusimama, kitambaa cha vyombo mkononi, kisha akaenda kuweka birika motoni na akasahau kutia maji. Babako kapiga simu: Mama, sasa unaweza kwenda. Nikamwambia nimekwenda na nimerudi, baba, wewe endesha treni yako.


Jumapili, 11 Septemba

Kaondoka.

Vitu vyake vyote vimeingia kwenye gari moja dogo, maisha ya mtu. Sufuria yangu na kaango langu kavirudisha huko huko, kavifunga kwa gazeti, kasema vitanisubiri rafuni na haviguswi na nguruwe. Mimi nilikuwa nimekaza uso tangu alfajiri. Nilimwambia amesahau kutoa pipa la taka. Nilimwambia dereva anaonekana mlevi. Nilimwambia kochi lile kaliacha na tundu.

Akaja akanishika mashavu kwa mikono yote miwili. Miaka yote hii Kiswahili chake ni "karibu" na "pole" na "kelele we". Akaniambia neno moja, na akalisema sawasawa, kwa maana yetu.

"Lia, Mizi."

Nikalia. Nimelia njiani, mbele ya basi lililojaa watu, Daksha katoka dukani na mizani mkononi. Nimelilia Unguja, na mlango wa Malindi, na huyu mwanamke na gari lake dogo. Ukelele ulifika mpaka stesheni.

Daksha ndiye aliyenipandisha ngazi. Baadaye, nimekaa na maji ya moto gotini, nimewaza. Kama fali ya lile jiwe ni ya kweli, basi mwenye mtaa huu ni mimi, na miaka yote sikujua.


Alhamisi, 15 Septemba

Kimya. Hata bomba kaunsili ya mji wamelitengeneza, kwa uchokozi.


Jumapili, 2 Oktoba

Chini wamehamia watu, mume na mke, vijana, wanagombana kwa sauti ya chini. Nimewapelekea sambusa. Mke hajui kuwasha jiko lile la gesi, nyusi zake ziko hatarini, kesho nateremka kumwonesha.

Margaret kapiga simu. Kasema geti bado lipo, mti wa tufaha bado upo, anamhadithia Fintan kila asubuhi kama habari za redio. Kasema mbwa ananitafuta. Kasema kile kitambaa changu bado kipo tawini, na Fintan kakataa kumwambia nilikifungia nini mara ya kwanza.

Sasa yako. Siku ile nilipokifungua nilikishika mkononi, nikaona Fintan kasema kweli, shida nimeshaondoka nayo: ni hii nyumba isiyokuwa na mtu. Nikawaza, kama ni shida yangu, basi na dawa yake naijua, na yuko Aberdeen. Nikakifunga tena, tawi lile lile, nikakutaja wewe kwa jina lako na la mama yako, kwamba uje. Si kwa simu. Uje na miguu yako.

Kwa hivyo fahamu utakavyofanya. Siku utakayobisha hodi hapa, nadhiri itakuwa imetimia, na mimi nitalazimika kwenda kufungua mwenyewe, na goti hili peke yake halifiki. Njoo kabla Novemba haijaingia. Ukija usivue koti, usiniambie umechoka, begi liache hapo mlangoni. Vaa viatu visivyopenya maji. Utanipa bega mpaka juu, nitafungua changu, tutalitazama jua likiingia kwenye ule mlango mdogo, kisha utaweka mkono kwenye lile jiwe, na mimi nitatega sikio.